Mate ya Shangazi

Skolastika Kihwele hakumchukia mtu. Chuki ni kazi. Inataka ulale nayo na uamke nayo, na yeye kazi alikuwa nazo za kumtosha. Alichokuwa nacho ni dharau, na dharau haichoshi. Asubuhi ile alikwisha kuwadharau walinzi wa getini kwa saluti zao za gwaride, akaidharau picha ya Profesa Gaudens Lyatuu iliyofunika ukuta mzima wa mapokezi ya Taasisi, kisha akamdharau Profesa mwenyewe, aliyesimama chini ya picha hiyohiyo akiwafundisha wapambaji kufunga vitambaa.

"Dhahabu juu, kijani chini," Profesa alikuwa akisema. "Daktari Kihwele, wewe unaonaje?"

"Naona msiba wa tajiri."

Profesa akacheka. Hapo ndipo alipomkera zaidi. Ukimtukana Lyatuu anacheka, maana haimwingii akilini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kumtukana yeye.

Vitambaa vilikuwa vya Siku ya Kinga, keshokutwa yake. Treni ya umeme ingewashusha Dodoma wazazi kutoka milima ya Kilolo, nchi ya Wahehe, pamoja na watoto wao waliotolewa kongosho la kuzaliwa wakawekewa la kiwandani. Naibu Waziri angekula pilau, Profesa angepewa ngao nyingine ya kutundika, na Chekeche lingesifiwa mpaka lione haya. Chekeche ni mfumo wa kompyuta alioujenga Skolastika mwenyewe, unaosoma vinasaba vya mtoto na kusema kama kongosho lake litakuja kuoza. Likisema litaoza, mtoto hupewa kadi ya njano, na mwenye kadi ya njano hapokelewi shule yoyote mpaka akatwe. Watu walilitaja Chekeche kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja mizimu. Skolastika, aliyejua kwamba mle ndani hamna kitu zaidi ya kujumlisha na kuzidisha, aliwadharau na hao.

Alipoingia ofisini kwake alimkuta Daktari Danford Chidawali ameketi kwenye kiti chake, na deli la muuza aiskrimu liko miguuni pake. Chidawali ndiye mpasuaji wa Taasisi. Ni Mgogo, na Skolastika ni Mhehe; basi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata kwenye msiba wa baba yako, nawe usikunje uso; Mhehe huitwa mla mbwa, na Mgogo ombaomba.

"Mtani, weka mbwa wako chini tuongee," alisema.

"Na wewe ombaomba umekuja kuomba nini tena? Juzi tu nilikupa kalamu."

"Leo nimekuja kutoa."

Akafungua deli. Ndani mlikuwa na chupa tatu za kioo, na katika kila moja kipande kirefu cha nyama kilichoelea kwenye dawa. Chidawali akatoa kimoja kwa koleo, akakilaza juu ya sahani ya chai ya Skolastika bila kuomba radhi, akakipitisha kisu katikati. Kisu kilipita bila sauti.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo maana yake. Kongosho lenye ugonjwa lina mawe, mtani. Ukilikata linakwaruza kama wali wenye changarawe. Hili laini kama ini la kuku. Na haya mengine mawili vilevile. Na yaliyobaki stoo, karibu yote."

"Ni kinga. Tunatoa kabla halijaharibika. Ulitaka likwaruze nini?"

"Huyu amekatwa akiwa na miaka kumi na sita. Chekeche lako lilisema mpaka kumi angekuwa hoi. Hiyo miaka sita ya kuoza iko wapi? Nionyeshe kovu moja. Mimi nimelitazama kwa hadubini siku nzima, sikuona hata kijikovu cha kusingizia."

"Labda macho yako yamezeeka."

"Yamezeeka, ndiyo. Lakini hayajapofuka." Alikirudisha kile kipande chupani taratibu, na Skolastika akaona kwamba utani umemtoka usoni. "Nimepangiwa mtoto mwingine wa Kilolo wiki hii. Nimemwambia Profesa mkono unauma. Mkono hauumi. Nitamdanganya mpaka lini sijui, lakini simkati huyo mtoto mpaka uniambie Chekeche linatafuta nini." Akafunga deli. "Liko na jingine stoo, sikulileta. Hilo utalifuata mwenyewe ukiwa tayari."

Hakusema la nani. Hakuhitaji. Mtoto wa kwanza kabisa kukatwa chini ya mpango huu alikuwa Aneth, binti wa Skolastika. Skolastika ndiye aliyemtoa, ili wazazi wa Kilolo waone kwamba mwenye mashine anaiamini mashine yake.

*

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha chakula. Vimeng'enya hivyo hutoka vimelala, na haviamki mpaka vifike utumboni. Lakini wako watu ambao herufi moja ya vinasaba vyao, moja katika bilioni tatu, imekaa pasipo pake. Basi vimeng'enya huamka kabla ya safari, na vikiamka havichagui, vinaanza kumla mwenye nyumba. Mtu hugaragara miaka na miaka. Kongosho linajaa mawe, kisukari kinafuata, na mwisho wake ni ule wa Mzee Kastory, babu yake Skolastika, aliyekufa amekumbatia tumbo kama mtu anayelinda kitu kisiibwe.

Kuitafuta herufi hiyo kwa macho ni ndoto. Ndiyo maana Skolastika alilijenga Chekeche, akalilisha mafungu mawili ya mate ya watu: upande mmoja wagonjwa wa Kilolo, ambako ugonjwa huu umekita, na upande wa pili watu wazima wa afya. Hao wa afya walikuwa watumishi na wanafunzi wa Dodoma, kwa sababu walikuwa karibu na hawakudai nauli. Chekeche likayalinganisha mafungu hayo, likatoa orodha ya herufi zilizoyatenganisha. Kisha likaanza kuwapima watoto.

Na halikuwahi kukosea. Hilo Profesa alilisema kila jukwaani: wote waliokatwa, hata mmoja hajaugua kongosho. Skolastika alipolisikia hilo kwa mara ya kwanza alicheka kimoyomoyo, kwa sababu mtu asiye na kongosho ataugua lipi? Lakini alicheka akanyamaza, na ngao zikaendelea kutundikwa.

Chidawali alipoondoka, alifungua takwimu za mwanzo kabisa, zile za kabla hazijasafishwa. Msafishaji alikuwa yeye. Hakupita mbali kabla hajakutana na kitu alichokwisha kukutana nacho miaka ile akakipuuza. Wanaume wengi wa Kilolo hawakuwa na kromosomu ya kiume. Wakati ule aliona ni makarani wa mashambani, watu wasiojua kutofautisha jogoo na tetea, wameweka alama pasipo pake. Akaliamuru Chekeche liandike "mke" palipoandikwa "mume", akaenda kunywa chai. Tena kulikuwa na vichupa vya mate vilivyofanana herufi kwa herufi, vitatu vitatu, vinne vinne, kama vimetoka kinywa kimoja. Hapo alisema kuna mlevi maabara amegawa kichupa kimoja mara nne. Akafuta vilivyozidi.

Sasa alifanya jambo ambalo hakulifanya wakati ule. Aliziuliza chembe umri wao, maana chembe za mate hubeba umri wa mwenyewe hata akidanganya. Kwenye rekodi palikuwa na kijana wa miaka ishirini na mbili. Chembe zikasema mwanamke, miaka sitini. Akafungua mwingine, baba wa miaka arobaini: mwanamke, miaka hamsini na nane. Akaendelea, na kila alipofungua alikutana na mwanamke wa makamo, mzima wa afya.

Akaugusa ukuta, akamwita Shangazi Generosa, dada wa baba yake. Uso wa shangazi ukajaa ukutani. Alikuwa jikoni kwake Kilolo, anamenya viazi.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, Skola. Mbona umekonda? Hizo mashine zinakula na chakula chako?"

"Shangazi, wale watu wa vichupa walipokuja miaka ile, mate ya baba mdogo Wilbard alitema nani?"

"Mimi."

"Na ya mwanawe?"

"Mimi. Na ya wale wa marehemu kaka pia. Koo lilinikauka siku ile mpaka nikaomba maji."

"Kwa nini wewe?"

Shangazi aliacha kumenya. "Unaniuliza wewe, au kuna mgeni hapo pembeni anakutuma? Mgonjwa hatoi kitu cha mwili wake akampa mtu baki. Shangazi wa ukoo ndiye anayesimama badala yake. Ulipougua surua, dawa nani alionja kwanza? Nani alinyolewa nywele kwa ajili yako? Damu si moja?"

"Na koo nyingine?"

"Kila ukoo na shangazi yao. Tulijipanga pale shuleni mashangazi watupu, ungedhani tunamcheza mwali."

"Mbona hamkuwaambia makarani?"

"Waliuliza? Waliuliza jina la mgonjwa, tukataja jina la mgonjwa. Na tulijua mwenye kazi ni wewe, mtoto wa hapahapa. Tukasema, Skola anajua." Shangazi alimtazama vizuri. "Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, shangazi. Baba mdogo anaendeleaje?"

"Anagaragara. Anaendeleaje tena?"

Ukuta ukarudi kuwa ukuta. Skolastika alikaa akiutazama. Ni kweli alijua. Alikulia kulekule, nywele zake zilinyolewa juu ya kichwa cha mwingine, na bado alipoona wanawake kwenye nafasi za wanaume hakufikiri kitu kingine ila ujinga wa makarani. Chekeche lilipewa mashangazi wazima wa milimani upande huu na watu wazima wa mjini upande ule, likaambiwa litafute tofauti. Likaitafuta, likaipata: hawa ni wa Kilolo, hawa si wa Kilolo. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyewekwa mbele yake alipimwa Ukilolo wake, na aliyezidi alikatwa. Wagonjwa wenyewe, kina baba mdogo Wilbard, mate yao hayajawahi kusomwa na mtu yeyote duniani.

Mchana alishuka stoo. Chidawali alikuwa amekwisha kuitoa chupa mbele, akamwachia kisu juu ya meza, akaondoka. Skolastika alikata mwenyewe. Halikukwaruza.

*

"Ugali, kiganja kimoja," Aneth aliuambia mkono wake. "Mchicha. Dagaa, vijiko viwili. Hapana, kimoja na nusu."

Bangili ikawaza. Chini ya ubavu wa kushoto wa mtoto kitu kikanguruma kidogo, na taa ya bangili ikageuka kijani. Ndipo Aneth akanawa, akaanza kula. Shuleni walimwita Friji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi wa mama yake, kwa hiyo waliomwita Friji nao walikuwa na majina, na hayasemeki mezani.

"Profesa amenipa hotuba ya Siku ya Kinga niisome," alisema. "Ameandika yeye. Ina neno 'kwa unyenyekevu' mara nne. Nimeyafuta yote."

"Umeacha nini?"

"Nimeandika yangu. Nitasema kwamba kabla ya mimi kuzaliwa, watu wa kwetu walikufa wanalia, na mama yangu akakataa. Nitasema mama aliniokoa. Basi. Halafu nakaa." Akamtazama mama yake kwa wasiwasi kidogo, ambao haukuwa kawaida yake. "Au ni fupi mno?"

Skolastika alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Akasema hotuba inatosha, akaomba apewe chumvi.

*

Profesa Lyatuu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimshangaza. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Chidawali."

"Chidawali ni mtu wangu. Sasa sikiliza, Daktari. Chekeche ulirekebishe, tena leo. Tutalitangaza kama toleo jipya. Kuanzia kesho hakatwi mtoto bila sababu. Umeokoa watu hapo, umeona? Waliokwisha kukatwa wamekatwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Halirekebishiki leo. Nimelifunga, halipimi mtu. Ninaongelea waliokatwa."

"Na mimi ninaongelea hao hao. Wanakula, wanasoma, wanacheza mpira. Wazazi wao wanalala usingizi, wanaamini waliwafanyia watoto wao jambo jema. Wewe unataka kwenda kuwaamsha ili iweje? Wale watu wa milimani watakuelewa? Utawaeleza kromosomu? Wataelewa kitu kimoja tu, kwamba watoto wao wamechinjwa, na watachoma kila zahanati mpaka Iringa mjini."

"Na wagonjwa wa kweli? Siwezi kupata mate yao bila kuwaambia mwanzo tulikosea nini. Tukienda kimya kimya watakuja mashangazi tena."

"Hilo tutalitafutia njia." Akarudi kukaa, akalegeza tai, na sauti yake ikawa ya baba mkwe. "Skolastika. Na Aneth je? Umefikiria utamwambia nini? Kwamba alikuwa mzima, na aliyempeleka mezani ni mama yake?"

Skolastika alimtazama mtu yule, na mashavu yake, na ngao zake, na kilichomchefua si uovu wake. Lyatuu hakuwa mwovu. Uovu nao unataka bidii. Kilichomchefua ni kwamba neno kwa neno alikuwa amesema yale ambayo yeye mwenyewe alijiambia tangu stoo mpaka pale mlangoni, na aliyaona matamu. Alitoka bila kuaga, na huo ndio ushujaa wote aliokuwa nao siku ile.

Nje Chidawali alikuwa anamsubiri, mkono wake mzima ameufunga bendeji nyeupe.

"Amekwambia unyamaze."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Sijui."

"Kesho mshereheshaji ataniita niwachangamshe watani zangu. Nitasema mimi, kama wewe huwezi. Lakini ujue, mtani, nikisema mimi watacheka. Ndiyo kazi yangu pale."

*

Walicheka kweli.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mbele walikaa wakubwa, Naibu Waziri katikati akisinzia kwa heshima. Nyuma yao watoto kwa sare, kisha wazazi, na pembeni, kwenye safu zao wenyewe, mashangazi kwa vitenge vipya, Generosa akiwa wa kwanza. Profesa alikwisha kuhutubia. Alisema "kizazi kipya" mpaka neno likachakaa. Mshereheshaji akamwita mtani.

"Mbukwenyi!" Chidawali aliwasalimu Kigogo, na Wahehe wakamzomea kwa furaha. "Nyamazeni, wala mbwa, leo nawapa habari za ugonjwa wenu. Nimewapasua watoto wenu mimi, kwa mkono huu. Nimetazama ndani, sikuona ugonjwa. Nikamuuliza mtani wangu pale, huyo aliyejenga mashine, nikamwambia, mashine yako inatafuta nini? Akaniambia, inatafuta Wahehe."

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele vilipanda, mzee mmoja akafuta machozi kwa kofia yake.

"Sisi Wagogo tulisema tangu zamani kwamba Uhehe ni ugonjwa. Lakini hata sisi hatukuwahi kuukata kwa kisu!"

Hapo watu walishikana mabega kwa kicheko. Mama mmoja alipanda jukwaani akamfunga Chidawali kitenge kiunoni, kumtoza faini ya matusi. Chidawali alisimama na kitenge chake, uso mkavu, anamtazama Skolastika.

Profesa alikuwa amecheka kuliko wote. Akamwinamia Skolastika sikioni, angali akipiga makofi. "Umeona? Limesemwa, limekwisha. Hata dhamiri yako haina deni tena."

Ilikuwa zamu ya Skolastika kujibu. Utani haukai bila jibu, na watu walikuwa wanamngoja wakiwa wamekwisha kufungua vinywa. Alichukua kipaza sauti. Aneth alikuwa safu ya watoto, karatasi yake mapajani, anatabasamu kumpa mama yake moyo.

"Mtani wangu hatanii," Skolastika alisema.

Wakacheka tena.

"Shangazi Generosa, naomba usimame."

Shangazi akasimama, bado anacheka, anarekebisha kilemba.

"Waambie, miaka ile ya vichupa, ulitema mate kwa niaba ya nani?"

"Si nilikwambia? Wilbard na mwanawe, na wale wa kaka."

"Na mashangazi wengine waliotema, naomba msimame."

Wakasimama mmoja mmoja, safu nzima, kisha safu ya pili. Kulikuwa na vicheko vichache vya kutoelewa.

"Mimi niliyasoma mate yale nikadhani ni ya wagonjwa," Skolastika alisema. "Yalikuwa ya hawa. Hawa hapa ni wazima, mnawaona. Kwa hiyo kile nilichokiita ugonjwa kilikuwa uzima wao, na kila mtoto aliyefanana nao nilisema akatwe. Kosa si lao. Walifanya kama tunavyofanya kwetu siku zote, na mimi ni wa kwetu, nilipaswa kujua. Dalili niliziona. Nikasema makarani ni wajinga, nikazifuta."

Kicheko kilikuwa kimekwisha, lakini hakikukwisha kwa mara moja. Kilikufa safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma, jinsi kila mmoja alivyomgeukia jirani na kukuta jirani hacheki. Naibu Waziri aliamka. Profesa akamkonyeza fundi mitambo, na kipaza sauti kikafa. Skolastika akakiweka chini, akapaza sauti yake mwenyewe, ile ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, ambayo hakuitumia tangu utoto.

"Wachache walikuwa wagonjwa kweli, Chekeche liliwabahatisha. Wengi walikuwa wazima. Daktari Chidawali amekagua kongosho la kila mtoto, na mimi ninayajua majibu yote kwa kichwa. Atakayetaka kujua la wake aje nimwambie sasa hivi, uso kwa uso. Asiyetaka asije."

Kwa muda hakuna aliyekwenda. Profesa alikuwa anazungumza haraka sana na mtu wa Naibu Waziri. Shangazi Generosa alikuwa amekaa, ameweka mkono mdomoni, na mashangazi wenzake wanatazama sakafu. Kisha baba mmoja aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake akainuka, anamvuta mvulana kwa mkono, akaja mpaka mbele ya jukwaa.

"Huyu," alisema. "Oswin."

"Alikuwa mzima."

Baba alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. "Mzima," alisema. Akamtazama mwanawe, akamfunga kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimefunguka, wakaenda.

Mama aliyefuata aliambiwa kwamba binti yake alikuwa mgonjwa, tena sana, na kisu kilimwokoa. Alilia kwa nafuu, kisha akageuka, akaona waliokuwa nyuma yake, akaificha nafuu yake ndani ya khanga. Wa tatu alimwita Skolastika mchawi, kwa utulivu tu, bila kupandisha sauti. Wakaja wengine. Foleni ikajipanga yenyewe katikati ya ukumbi, wazazi na watoto, mashangazi wakiwasindikiza wale ambao wazazi wao walibaki vitini. Kila mmoja alitaja jina, naye akajibu neno moja au mawili, na hakuna alilolipamba.

"Alikuwa mzima."

"Mzima."

"Huyu alikuwa mgonjwa."

"Mzima, baba. Nisamehe." Yule baba hakumsamehe.

Skolastika alikuwa amezoea kutazama mtoto kwanza, kisha mzazi. Kwa hiyo mtoto mwingine aliposimama mbele yake peke yake, bila mkono wa mtu, alinyanyua macho kumtafuta mzazi, akakosa, akarudi kumtazama mtoto.

Aneth alikuwa amepanga foleni kama wote. Nyuma yake alisubiri kijana mfupi kumshinda, na Aneth hakuwa amemruka mtu. Karatasi ya hotuba ilikuwa imekunjwa ndogo mno katika ngumi yake. Alimtazama Skolastika kama ambavyo hakuwahi kumtazama, kama mtu anavyomtazama karani nyuma ya dirisha.

"Na mimi, Daktari?"

"Aneth. Mwanangu, njoo kwanza pembeni tu..."

"Nimeuliza," mtoto alisema. "Hapo wengine umewajibu. Na mimi?"

Chini ya ubavu wake kile kitu kikanguruma, kama kilivyofanya kila baada ya saa chache, na safu ya mbele yote wakakisikia.

"Ulikuwa mzima," Skolastika alisema.

"Ahsante."

Aneth akasogea pembeni, akampisha aliyefuata.